Dawa ya Tangi

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Waruguru alipaswa kutia dawa ya kusafisha maji kwenye tangi la shule yao, pale Ruiru. Ilikuwa kazi ndogo, lakini wiki moja aliiruka ili awahi kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira. Mwalimu Muriithi alipomuuliza, alijibu, "Nimetia, mwalimu."

Kufikia Ijumaa, nusu ya darasa ilikuwa inaharisha. Lawama zilimwangukia Jentrix, mpishi. Wataalamu wa afya walichukua sampuli jikoni, kwenye tangi na kwa wagonjwa. Bakteria wa jikoni na wa wagonjwa walipotiwa rangi, wote waligeuka waridi, maana kuta za seli zao ni nyembamba. Majibu ya tangi yalikuwa bado, na hakuna aliyejali kuyangoja.

"Ni walewale," mwenyekiti wa wazazi alisema. "Mama, fungasha."

"Hizo sufuria nazisugua mwenyewe," Jentrix alisema. Hakuna aliyemsikiza. Alivua aproni mbele ya watoto aliowalisha miaka mingi, akaenda. Waruguru alitazama, akanyamaza. Tangu siku hiyo alitia dawa bila kukosa, na watoto wakapona. Watu wakasema, mnaona, mpishi ameondoka na ugonjwa umekwisha.

Baadaye Akello, mtaalamu wa maabara kutoka Thika, alifika darasani akiwa amekasirika.

"Nani aliwaambia rangi inatosha?" aliuliza. "Rangi inaonyesha aina ya ukuta tu. Watu wawili huvaa sare moja na wasiwe ndugu. Tumelinganisha jeni za bakteria hao. Wale wa jikoni ni ukoo wa mbali, na hawana madhara. Waliowaumiza ninyi ni wale wa tangi. Dawa ilitiwa?"

Waruguru alisimama. "Sikutia, madam. Nilidanganya."

Jioni hiyo Mwalimu Muriithi alimpeleka nyumbani kwa Jentrix, karibu na mtaa wa Kamakis. Waruguru aliomba msamaha huku akilia. Jentrix alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, mtoto wangu," alisema. "Lakini huko sirudi. Waliniangalia kama mchawi."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Njiani Waruguru aliuliza kama mwalimu angemwadhibu.

"Kutotia dawa ni uvivu, na tangi tumeliosha," Mwalimu Muriithi alisema. "Lakini ulijua ukweli kabla ya maabara, ukamwacha mtu mzima afukuzwe kwa uongo wako. Sina adhabu inayoweza kumrudishia kazi yake."