Ferista na Miche 3,599

Pikapu ya Yesaya ilikuwa imekwishaiacha Iyula nyuma, vumbi likiifuata. Ferista alikaa katikati ya dereva na Mwalimu Enoka, sare yake imepigwa pasi ikanyooka. Saa nne alitakiwa Tunduma kwenye mashindano ya hisabati. Shule ilipewa nafasi moja tu, naye aliipata kwa kujibu swali moja.

Wiki iliyopita walihesabu miche ya kahawa kwenye kitalu cha shule, ikawa 3,599. Mwalimu akauliza papo hapo: hiyo ni namba tasa, au inagawanyika? Atakayepata jibu kwanza ndiye angekwenda Tunduma. Damiano, mwenzake darasani, akagawa taratibu. Ferista akagawa kwa mbili, tatu, tano, saba, akapanda hadi arobaini na saba. Kila mara kilibaki kitu. Mkono ukamchoka.

"Tasa!" akapaza sauti.

"Umejaribu namba tasa zote zilizo chini ya sitini?"

"Zote, Mwalimu."

"Mimi bado sijamaliza," alisema Damiano.

"Konokono wewe!" Ferista akamcheka.

Kabla hawajafika barabara ya lami, Yesaya alisimamisha gari, wote wakashuka. Nyuma alibeba miche mia ya mteja, kila mmoja kwenye kiriba chake cha nailoni, kumi kwa kumi. Mstari wa mwisho ulikuwa unabanwa na mlango. Akauondoa wote, akaongeza mche mmoja kwenye kila mstari wa ile tisa iliyobaki. Mmoja ukamzidi mkononi.

"Tisa kwa kumi na moja," alisema. "Mwalimu, huu utaupakata kama mtoto."

Ferista aliganda. Mia kutoa moja ni tisa mara kumi na moja. Na sitini kwa sitini ni 3,600. Ukitoa moja je? Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la mlango: 59 × 61. Akazidisha. 3,599 kamili, halibaki hata jani.

Namba nzuri, jamani! Ilijifanya ngumu kama jiwe la kusagia, kumbe imefungwa na majirani wawili waliokaa pande mbili za sitini. Halafu akakumbuka alivyojibu kitaluni. Akinyamaza, nani atajua?

"Mwalimu, si tasa. Na sikujaribu zote, niliishia arobaini na saba. Nafasi ni ya Damiano."

Mwalimu Enoka aliitazama ile hesabu, mche mkononi. "Nami nilikuamini bila kugawa mwenyewe. Yesaya, geuza gari."

"Tutachelewa, Mwalimu!" alisema Yesaya.

"Geuza."

Njiani akamwambia Ferista, "Namba haikuonei huruma kwa kuwa umechoka. Kazi ukiiacha katikati, sema umeiacha katikati, kama alivyosema Damiano. Leo umesema, binti, nami nakuheshimu."

Damiano alikutwa akichota maji, akapanda gari na ndala zake. Walifika zimebaki dakika tano. Damiano akawa wa sita. Ferista alibaki nyumbani, Jumatatu akamwagilia kitalu. Mwaka uliofuata alikwenda yeye, akawa wa tatu. Yesaya bado anabeba miche. Mteja wake alipokea tisini na tisa, akadai mmoja. Huo Mwalimu Enoka alirudi nao mapajani kwa kusahau. Uko nyuma ya darasa la sita, na umeshazaa mara mbili.