Kadutu ya Barafu

Pikipiki ya theluji ilizama pua kwanza. Anaclet alisikia barafu ikikatika chini yao, akaona usukani ukimtoka Sumaili mikononi, kisha akajikuta amelala kifudifudi na chombo chote kimemezwa na ufa. Kilikwenda na mkoba wa redio, dira na simu ya satelaiti. Sumaili alikuwa ameruka kando, lakini mguu wake wa kulia ulikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

"Tonton, unaweza kusimama?" Anaclet aliuliza, akimwita mjomba kwa heshima ya umri wake.

"Kusimama naweza. Kutembea, njo utaona."

Hapo ni Antaktika, kwenye ncha ya kusini ya dunia, ambako wakati wa kiangazi jua halizami. Siku hiyo lilifichwa na tufani ya theluji waliyokuwa wakiikimbia tangu asubuhi bila kuona hata kidole. Anaclet, mwanajiolojia mzaliwa wa Bukavu, alitumwa kuchora ramani ya milima iliyokuwa na namba tu, haina majina. Sumaili, fundi mitambo wa Uvira mwenye mvi zake, ndiye aliyemwendesha.

Wahenga walisema milima haikutani. Hawa wawili waliilazimisha ikutane. Walipofika mara ya kwanza, wakinywa chai mbele ya kibanda chao, Anaclet alivitazama vilele vitatu vilivyochomoza kwenye barafu, akashikwa na hamu ya nyumbani. Cha kushoto, kilichokuwa juu ya kibanda, akakiita Muhumba. Cha katikati, chenye bega lililoinamia kushoto, akakiita Kadutu, mtaa aliozaliwa. Cha kulia kikawa Panzi, mtaa mwingine wa Bukavu kama Muhumba.

"Docteur," Sumaili alimcheka, "Kadutu ya kweli hawana hata barafu ya kutia mu fanta!"

Lakini naye akayazoea majina. Ikawa tupite Kadutu, tukutane Panzi, utadhani wanakwenda sokoni. Jina la kwenu ukilitamka kila siku mahali pa ugeni, unaanza kujidanganya kwamba hata njia unaijua.

Anaclet aliufunga mguu wa Sumaili kwa mpini wa nyundo yake ya mawe. Mgongoni alikuwa amebaki na turubai, jiko dogo na kopo la gesi. Wakajikunyata chini ya turubai, upepo ukilipigapiga.

"Nipe ile theluji nikule. Koo imekauka."

"Apana, tonton. Itakupozesha mu tumbo. Ngoja iyeyuke."

Walikunywa kikombe kimoja kwa zamu. Gesi ikakohoa, ikazima.

Upepo ulipotulia kidogo, ukungu ulipanda na vilele vitatu vikaonekana. Sumaili nusura alie.

"Kushoto! Muhumba njo ile. Kibanda iko pale chini."

Wakashika njia ya kushoto, mkono wa mzee shingoni mwa kijana. Theluji iliwafika magotini. Nguvu walizokuwa nazo zilitosha safari moja, si mbili, na wote walilijua hilo bila kuambiana. Sumaili alikuwa ameacha kulalamika, na hicho ndicho kilichomtisha Anaclet.

Aliposimama avute pumzi, aliinua macho akaitazama Kadutu. Bega lake lilikuwa limeinamia kulia.

"Tonton, Kadutu imegeuka."

"Baridi inakuzungusha kichwa. Mulima haigeukake."

Ndipo harufu ya sambaza, vidagaa vya ziwa la kwao, ikamjia, huko kusiko na harufu yoyote. Alikuwa mtoto. Mama yake, Godelive, alikuwa amebeba beseni la sambaza wa kukaanga, wamevuka daraja la Ruzizi kwenda kuuza Kamembe, upande wa Rwanda. Kutoka mlimani kule alimwonyesha Bukavu ng'ambo ya ziwa, na mtoto akaangua kilio. Kila kitu kilikuwa kinyume. Kilichokuwa kushoto kimekaa kulia, na kwao hapaoni. Mama alitua beseni, akacheka hadi kitenge kikamlegea, kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Nyumba haikutembea, mutoto yangu. Ni weye umevuka."

Anaclet alitamani kumwona mama yake kwa uchungu uliozidi baridi ile.

"Tulivuka," alisema. "Mu tufani tulipita kati ya milima bila kujua. Tuko nyuma yake. Ile kushoto ni Panzi. Muhumba iko à droite, mukono ya kuume, na kibanda iko ngambo."

"Uko sûr? Hakika?"

"Angalia bega ya Kadutu."

"Sikukuuliza bega. Nakuuliza weye."

"Niko sûr."

"Bas, tugeuke. Bismillahi."

Penye mwanya kati ya Kadutu na Muhumba mzee alianguka, akashindwa kuinuka. Anaclet akamlaza juu ya turubai, akajifunga pembe zake kiunoni, akavuta. Alianguka, akainuka, akavuta. Alimlazimisha mzee kusema asije akalala usingizi usio na kuamka.

"Tonton, tunatoka Uvira, tunapanda Bukavu. Nyuma ya Sange ni wapi?"

"Luberizi."

"Luberizi kuna nini?"

"Muchele." Anaclet akavuta. "Muchele na mbu."

"Na nyuma ya Luberizi?"

"Luvungi... Kamanyola..."

Kabla hawajafika Nyangezi katika safari hiyo ya mdomo, njia ilianza kuteremka, na ukuta mwekundu wa kibanda ukatokea chini yao. Elodie, mwenzao aliyebaki kibandani na redio nyingine, alikuja mbio bila glavu.

Daktari wa kituo kikuu aliuokoa mguu wa Sumaili, mzee akapoteza vidole vyake tu. Siku moja Elodie aliingia chumbani mwao na ramani.

"Majina mliyoipa milima niyatume yawekwe kwenye ramani?"

"Apana," Anaclet alisema. "Bayiachie namba yake. Mi nataka kurudia milima yenye iko na majina tayari."

Sumaili aligeukia ukutani, akiililia Uvira yake.

Anaclet akaomba simu. Iliita sana, hadi Bukavu ikajibu.

"Maman, ni miye. Narudi."

"Kutembea tu?"

"Kukaa."

Mama aliitupa simu mezani. Anaclet alidhani laini imekatika. Kisha akaisikia sauti yake ikiwa mbali na simu, ikimpigia kelele dada mdogo wa Anaclet, ikipasuka kwa kilio na furaha: "Gloire! Weye Gloire! Toa ile makala ya kupikia mu chumba ya Anaclet!"