Tonge la Pili la Yeshi

Dagne alikuwa na bucha mjini Desse, Ethiopia. Kila jioni alirudi na nyama nzuri. Yeye na mkewe, Yeshi, waliketi kwenye sinia moja la injera, mkate wao mpana na laini. Kwao, mtu humlisha ampendaye kwa mkono. Basi Dagne alikunja tonge nono, akampelekea mkewe kinywani.

Yeshi alikula moja. La pili akalikataa.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Kifaranga anakushinda!"

"Usikasirike, Dagne. Tumbo limejaa."

Mwaka mzima ilikuwa hivyo. Yeshi alikonda, lakini chini ya mbavu za kulia tumbo lilizidi kuvimba. Roho ilimuuma Dagne. Alijua kwamba nyama mbichi waipendayo huweza kuleta tegu, yule mnyoo mrefu. Akajilaumu kuwa ni nyama yake iliyomdhuru mkewe. Akamnywesha koso, dawa chungu ya maua, mara tatu. Yeshi alitapika mpaka akalegea. Uvimbe ukabaki palepale.

Siku moja Dagne alikuwa akimkanda mkewe tumbo kwa siagi. Jirani yao Senait, muuguzi, akaingia kunywa kahawa.

"Kaka Dagne, toa mkono! Tumbo lenye uvimbe halikandwi. Utapasua kitu humo ndani! Na hiyo koso, choo kilipimwa kwanza?"

"Hapana. Nilidhani..."

"Unamtibu mtu kwa kudhani? Kesho twende hospitali."

Choo hakikuwa na mnyoo. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe mkubwa kwenye ini. Wakapelekwa Addis Ababa kwa daktari bingwa wa upasuaji.

"Si saratani," daktari alisema. "Ni mishipa ya damu iliyojikusanya ikawa donge. Wengi wanalo dogo na hawajui. Hao hatuwapasui. Lako, mama, ni kubwa na linabana tumbo la chakula. Ndiyo maana unashiba upesi. Hili tulitoe."

Dagne akaruka. "Daktari, mimi nakata maini kila siku. Ini ni damu tupu! Mtaniulia mke wangu!"

"Ng'ombe wako hatarajiwi kuamka," daktari akajibu. Hata Yeshi akacheka. "Hatari ipo, sikufichi. Kwa hiyo tunafunga kwanza mishipa inayolisha uvimbe, na damu ya kumwongezea inakuwa tayari. Sehemu ya ini isiyo na uvimbe itabaki, nayo itamtosha."

Dagne alimpenda mno huyu mwanamke, na aliogopa.

Yeshi akamshika mkono. "Nimechoka kukukatalia chakula chako, Dagne. Waache wanipasue."

Dagne akajitolea damu. Siku ya upasuaji alikaa muda wa saa tano nje ya mlango, Senait ubavuni mwake, bila kuonja hata maji. Daktari alipotoka alikuwa akitabasamu. Uvimbe wote ulikuwa umetoka.

Miezi mitatu baadaye kidonda cha upasuaji kilikuwa kimepona. Dagne siku hizi hupika nyama ikaiva, na mtu akilalamika tumbo pale buchani humwambia akapimwe kwanza.

Jioni moja alikunja tonge, akamlisha Yeshi. Yeshi akala. Kwa mazoea, Dagne akarudisha mkono wake.

"Unaupeleka wapi mkono?" Yeshi akauliza. "Lete la pili."

Dagne akakunja jingine. Machozi yakamtoka, na Yeshi akala lote.