Safari ya Tusekile na Bata Meneja

Tusekile ana miaka sita na mabuti mekundu. Anakaa Tukuyu na Bibi yake, kwenye migomba mingi na mvua nyingi zaidi.

Kila Jumamosi jioni, majirani wanakutana kwenye karakana ya Mjomba Ambakisye. Mjomba ni seremala. Anatengeneza viti, vitanda na ngoma.

Majirani wanakalia chochote kilichopo, hata kama hakijamalizika. Babu Mwaipopo hukalia kiti cha miguu mitatu. Anasema hawezi kushindwa na kiti.

Hapo wanasimuliana safari. Msimulizi anapanda kwenye kiti kirefu. Anakokwenda yeye, wote wanakwenda naye, huku wamekaa! Mjomba anapiga ngoma.

Di-di-dum!
"Twende?" anauliza msimulizi.
"Twende!" wanajibu wote. "Hakuna kushuka mpaka tufike!"

Jumamosi moja, Mama Lugano, muuza vitenge, alisimulia treni ya Kigoma. Wote wakatikisika. Chaka-chaka! Chaka-chaka!

Babu Mwaipopo alikuwa dereva wa lori. Alisimulia kona za kwenda Lusaka. Wote wakalala kushoto. Wote wakalala kulia. Kiti cha miguu mitatu kikalala moja kwa moja.

Puu!
"Sijaanguka," alisema Babu kutoka chini. "Nimepaki."

Kisha Mjomba akasema, "Sasa ni zamu ya Tusekile!"

Tusekile alikuwa ameingoja zamu hii tangu alipokuwa na miaka mitano. Akapanda kwenye kiti kirefu. Akafungua mdomo.

Aanze na safari gani?

Hajawahi kupanda treni. Hajawahi kupanda lori. Hata Mbeya mjini hajafika! Na asiye na safari hushuka, na zamu huenda kwa mwingine.

Tusekile hakutaka kushuka. Alitaka kulia, lakini hakutaka kushuka.

Akainamisha kichwa. Akaona mabuti yake mekundu. Yalikuwa na tope. Moja lilikuwa na alama ya mdomo wa bata.

"Twende?" akauliza kwa sauti ndogo.

Di-di-dum!
"Twende! Hakuna kushuka mpaka tufike!"

"Nilitoka nyumbani," alisema Tusekile, "nikaja hapa."

"Hapa tu?" alisema Babu Mwaipopo. "Hata mkanda sijafunga!"

"Funga, Babu. Kuna dimbwi. Halafu kuna Meneja."

"Meneja gani?"

"Bata."

Babu akafunga mkanda.

"Nikapita kwenye dimbwi," alisema Tusekile. Chubwi-chubwi! Wote wakapiga miguu chini.
"Nikapita kwa bata." Kwaa! Kwaa! Wote wakapiga kelele.
"Nikafika hapa. Basi."

Mama Lugano akakunja uso. "Haijaisha. Mimi nilirudi kutoka Kigoma. Babu alirudi kutoka Lusaka. Wewe umerudije?"

"Sijarudi," alisema Tusekile. "Si niko hapa?"

Wakatazamana. Mjomba akajikuna kichwa kwa kijiti cha ngoma.

"Kumbe safari haijafika," alisema. "Na sheria yetu inasemaje?"

"Hakuna kushuka mpaka tufike!"

Wakasimama wote. Mjomba akabeba ngoma. Mama Lugano akabeba kayamba. Babu akabeba kiti chake, maana yeye na kiti bado walikuwa na ugomvi.

Tusekile akatangulia. Di-di-dum! Chaka-chaka!

Wakafika kwenye dimbwi. Tusekile akapita pembeni, kwenye mawe. Mama Lugano akapita katikati, kwa sababu alikuwa anacheza.

Chubwi! Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Wakakivuta wote. Hiiii-yaa! Kikatoka kikiwa na chura ndani.

"Kigoma sikukutana na haya," alisema Mama Lugano.

Wakafika kwa bata. Meneja alisimama katikati ya njia, kifua mbele.

"Kwaa!"

"Lazima umwamkie," alinong'ona Tusekile. "Usipomwamkia, anauma."

Tusekile akainama. "Shikamoo, Meneja!"
Bata akasogea. Tusekile akapita.

"Shikamoo, Meneja!" Mama Lugano akapita.
"Shikamoo, Meneja!" Mjomba akapita na ngoma yake.

"Mimi?" alisema Babu Mwaipopo. "Na mvi zangu hizi? Nimwamkie bata?"

"Kwaa!" Bata akamshika suruali. Babu akavuta. Bata akavuta.

"Shikamoo! Shikamoo, Meneja! Na watoto hawajambo?"

Bata akamwachia. Babu akapita mbio na kiti chake kichwani.

Bibi alikuwa mlangoni. "Jamani! Mna nini?"

"Tuko safarini, Bibi," alisema Tusekile. "Tunarudi kwangu."

"Karibuni basi, lakini vueni viatu!"

Wakaingia.
"Tumefika?" aliuliza Babu.
"Bado," alisema Tusekile. "Sijanawa miguu."

Akanawa miguu. Wote wakangoja.
"Tumefika?"
"Bado. Sijala ndizi."

Akala ndizi. Wote wakala ndizi. Zilikuwa tamu sana.
"Tumefika?"
"Bado."

Tusekile akapanda kitandani. Bibi akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Mjomba akapiga ngoma kwa vidole tu. Di... di... dum.

"Sasa," alisema Tusekile, "tumefika."

Wakapiga makofi polepole, asije akaamka kabla hajalala. Babu Mwaipopo akakaa kwenye kiti chake apumzike.

Puu!
"Nimepaki," alisema Babu.

"Safari nzuri sana," alisema Mama Lugano. "Jumamosi ijayo utatupeleka wapi?"

"Dukani," alisema Tusekile. "Huko kuna mbuzi."

Tusekile alifurahi mpaka vidole vya miguu vikacheza chini ya blanketi.

Wageni wakaaga, wakatoka. Nyumba ikatulia. Tusekile akafumba macho. Kisha, huko nje njiani, akasikia sauti. Moja nene, moja nyembamba, na moja yenye haraka kuliko zote.

"Shikamoo, Meneja!"
"Shikamoo, Meneja!"
"Shikamoo, shikamoo, shikamoo, Meneja!"

Tusekile akacheka ndani ya blanketi. Akalala.