Hakuna Anayerudi Nyuma Peke Yake

Jua lilikuwa limebaki kwenye vilele vya misonobari tu Marlys Tervo alipoingia kambini na pikapu yake, tela la kulala likimfuata kwa kusuasua. Alikuwa na kazi moja kabla giza halijaingia: kulirudisha tela rivasi mpaka kwenye nafasi yake. Kwa mwenye kujua ni kazi ya kufumba na kufumbua. Marlys alijua nusu yake. Usukani alikuwa anaushika yeye siku zote, lakini macho yalikuwa ya Eino, mumewe. Eino alisimama nyuma na kugonga bodi ya tela kwa pete yake ya ndoa. Mbili, simama. Tatu, njoo.

Eino alikwenda kuvua samaki kwenye barafu asubuhi moja, moyo ukasimama. Tangu hapo tela lilikaa uani likiota kuvu, na Marlys alikaa dirishani akilitazama.

Aliyemtoa dirishani ni Arlene Kallio, jirani yake tangu watoto wao wananyonya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakutuambia kwamba kinaweza kuja na sufuria ya supu ya moto, kikakuoshea na vyombo.

"Ingia kwenye chama chetu cha watu wa matela, shoga," Arlene alimwambia, mikono ikiwa kwenye povu. "Tairi likipasuka, wanaume wanagombania jeki. Ukiugua, unapikiwa. Ukilia, unapata wa kulia naye. Na hiyo rivasi inayokutisha ndiyo usiseme. Kwetu hakuna anayerudi nyuma peke yake."

"Kule watu wanakwenda wawili wawili, Arlene. Mjane nitakaa na nani?"

"Na mimi. Au unataka uzeeke unaongea na friji?"

Marlys alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na baada ya kicheko yakaja machozi, na katikati ya machozi akasimulia habari za pete. Mbili, simama. Tatu, njoo. Hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake. Arlene alimsikiliza akiwa amemshika mkono.

Na leo hii, kambi ya mwisho kabla ya theluji, wanachama walimpokea kama bibi harusi. Huyu kamkumbatia, yule kamvika kofia yenye nembo ya gurudumu, mwingine kamtilia mkononi pasti, mkate uliojazwa nyama na viazi, moto bado, imefungwa kwenye kitambaa. Marlys aliona haya kwa jinsi alivyofurahi. Alikuwa amesahau raha ya kuitwa jina lake na watu wengi kwa mara moja.

Mzee Wendell Rask, kiongozi wa msafara, alikuja mpaka dirishani mwa pikapu.

"Mama, sheria yetu ni moja. Macho kwenye kioo. Usipomwona mwelekezi wako, simama. Hata akuite mama yako mzazi, simama."

Marlys alicheka. Mzee hakucheka.

Nafasi yake ilikuwa ya mwisho kabisa, mgongo kwa ziwa. Kwenye nguzo palitundikwa kibao cha jina, kama ilivyo desturi ya watu wa matela: MARLYS. Alishuka kukishika. Rangi ilikuwa mbichi, ikamnata kidoleni. Chini ya rangi kidole kilihisi herufi nyingine, za kuchongwa...

"Twende, shoga, giza hilo!" Arlene alimhimiza. Alikuwa amevaa koti lake la rangi ya chungwa, tochi mkononi. Hakumtazama usoni.

Marlys akapanda. Akaweka rivasi.

"Njoo... njoo... kata kulia... nyoosha... njoo..."

Sauti ya Arlene ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayemwelekeza fundi wapi pa kuweka kabati. Kwenye kioo cha pembeni koti lilionekana vizuri, mkono ukiita. Magurudumu yakasaga kokoto. Kisha yakaacha kusaga. Yakawa yanakwenda kimya, juu ya kitu laini.

Sauti ilikoma. Mkono uliendelea kuita.

Harufu ikaingia garini. Tope la chini ya ziwa, majani yaliyooza, na baridi. Marlys hakuwa amejua kwamba baridi ina harufu.

Ko.

Ko.

Ko.

Ilitoka nyuma, kwenye bodi ya tela. Chuma juu ya bati. Pete.

Mguu wake ukaachia breki wenyewe. "Eino?" alinong'ona, na machozi yakamwagika bila kuulizwa. Alijua amekufa. Alimwosha yeye mwenyewe. Lakini moyo uliokaa peke yake muda mrefu hauulizi kitambulisho.

Ko. Ko. Ko.

Njoo.

Tela likazama kidogo. Maji yakabubujika mahali fulani.

Hapo ndipo mtu alipokohoa.

Kilikuwa kikohozi cha sigara, kikavu, cha kujirudiarudia. Marlys alikuwa amekisikia kupitia ukuta wa jikoni nusu ya maisha yake. Nacho hakikutoka nyuma. Kilitoka mbele, kwenye moto.

Aliinua macho. Wanachama wote walikaa kuuzunguka moto, na wote walikuwa wamempa mgongo. Katikati yao alikuwa Arlene. Hana koti. Ameziba masikio kwa mikono miwili.

Marlys akarudisha macho kwenye kioo, polepole.

Koti la rangi ya chungwa lilikuwa palepale, likiita. Juu ya kola hapakuwa na uso. Palikuwa na ziwa tu.

Dunia nzima, mtu mmoja aliambiwa zile ishara za pete. Mmoja tu.

Uchungu wa kusalitiwa ulimfika kabla ya hofu, na labda ndio uliomwokoa. Alisukuma gia mbele, akakanyaga mafuta mpaka chini. Magurudumu yakazunguka bure kwenye tope. Kitu kilikuwa kimelishika tela kwa nyuma, kikilivuta bila haraka. Kisha kikaachia, ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu kingine.

Arlene alikuja mbio, akang'ang'ania mlango.

"Usiondoke," alinong'ona. "Marlys, ile nafasi haikai wazi."

"Ulikiambia habari za pete."

"Nilitaka usiogope! Nilitaka uende ukiwa na furaha."

"Mimi ni rafiki yako, Arlene."

"Mwaka huu ilikuwa zamu yangu. Ukileta mtu, unasamehewa. Hata mimi nililetwa, shoga. Hata mimi nilipikiwa supu."

Nyuma yao... ko, ko, ko.

Pale motoni, vichwa viligeuka vyote pamoja. Havikumtazama Marlys. Vilimtazama Arlene.

Marlys aliondoa gari. Kwenye kioo aliliona lile koti likimpa mgongo na kumnyooshea Arlene mkono. Alisikia jina lake likiitwa, mara nyingi, na sauti aliyoijua. Hakusimama. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti asimlaumu.

*

Jumapili, mchana kweupe, mzee Wendell alibisha mlangoni. Tela lilikuwa barabarani, mbele ya nyumba, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwelekeza kuliingiza uani. Kwa Arlene, mapazia yalikuwa yamefungwa na gazeti lilikuwa bado mlangoni.

Mzee alivua kofia. Alimkabidhi pasti, moto bado, na kile kibao. Mtu alikuwa ameikwangua rangi. Herufi za kuchongwa zilisomeka vizuri: ARLENE.

"Na hii beji yako," alisema. "Ya mwanachama aliyeleta mwenzake."

"Sikumleta mtu."

"Ulimwacha, mama. Kwetu ni kitu kimoja." Alisema kwa upole, kama anayetoa pole msibani. "Mwaka huu umesamehewa."

"Na mwakani?"

Mzee alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya kijana mmoja aliyefiwa na mkewe majira ya kiangazi. Alikuwa amekaa barazani, anaangalia mikono yake.

"Huyo bwana anakula nini siku hizi?" aliuliza. "Amepata hata supu?"

Marlys alitaka kumtukana. Alitaka kumtupia pasti usoni. Mkono ulikuwa unainuka pale mtu alipokohoa nyuma ya tela. Kikohozi cha sigara, kikavu, cha kujirudiarudia.

Mzee Wendell akavaa kofia yake. "Umeona? Tulikuahidi. Hakuna anayerudi nyuma peke yake."

Ko, ikasema bodi ya tela.

Ko.

Ko.