Ukungu Usoni mwa Muuza Nyama

"Sheria haijui mizimu, Mama, acha kunitia aibu." Ndivyo alivyoniambia mama yako jana, kisha akanikatia simu. Mimi niliyemzaa. Haya, basi nisikilize wewe, mjukuu wangu, maana wewe angalau bado unapokea.

Kaka yako hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kurusha picha za video kwa mashine kwenye ukuta wa soko, jioni, watu wakitoka kazini. Picha zenyewe anaziomba kwa walinzi wa kamera: huyu kateleza, yule anagombana na mbuzi, watu wanacheka basi. Siku moja mlinzi akampa ya yule muuza nyama, aliyekatwa na wezi kwa panga lake mwenyewe, mlangoni mwa duka lake. Kaka yako akaijaza ukuta mzima. Mkono unaanguka. Mwenyewe anainama auokote.

Mjane akaja. Hakupiga kelele. "Mume wangu aliuawa mara moja," alisema. "Wewe unamuua kila jioni."

Kaka yako akamjibu kwamba barabara ni ya wote, na mwenye kamera karuhusu. Mjane akaenda mahakamani. Hakimu akasema uso wa marehemu usionyeshwe bila ruhusa ya watu wake. Mwenye akili angezima mashine akaombe radhi. Yeye na wakili wake wakajiona wajanja: wakaufunika uso kwa ukungu wa kompyuta, wakaendelea. Mama yako akapiga makofi. Nikamwambia kijana, ukimvua maiti uso wake atatafuta mwingine. Akacheka. "Bibi, hiyo ni kompyuta tu."

Jioni hiyo hiyo nilikuwepo. Jua halijazama vizuri. Panga likapanda ukutani. Ukungu ukaanza kutoka, polepole, kama mvuke kwenye kioo.

Ulikuwa uso wa kaka yako.

Naye, aliyesimama kando yangu, akanigeukia. Akaninong'oneza, "Bibi, zima."

Panga likashuka kule ukutani. Bega lake likafunguka hapa. Hakuna aliyemgusa. Panga likapanda. Likashuka. Damu ikanirukia mdomoni. Nikang'oa waya wa mashine. Picha ikaendelea. Mkono wake ukaanguka miguuni pangu, vidole vinachezacheza.

Akainama auokote.

Polisi wakatazama kamera ya soko. Yuko peke yake, anajikinga na hewa.

Sasa mama yako anasema mjane ndiye kamuua mwanawe kwa hila, anamshtaki, na ile picha ya muuza nyama kaiweka kwenye simu yake, eti ushahidi. Juzi alinionyesha. Ukungu umerudi usoni. Nikaisogeza karibu na jicho. Pembeni ya ukungu, sikioni, inaning'inia hereni. Ile ya jiwe jekundu, niliyompa mama yako alipoolewa.

Mimi hanisikii. Mwambie wewe. Aende kwa mjane akapige magoti, aifute picha mbele yake. Mwambie sasa hivi, jua likiwa bado juu.