Mwamvuli Usioingia Mfukoni

Pikipiki ile ya Yamaha ilikata kona ya kwanza ya mtaa wa Musonoi kwa mlio, ikatawanya kuku, ikaingia kichochoro cha pili bila kupunguza mwendo.

Stany Nkulu hakuifuata.

Alisimamisha Land Cruiser, akashuka, akatembea taratibu nyuma ya nyumba kwa njia ya mkato. Alizaliwa Musonoi. Alijua kichochoro kile kinaishia wapi: kwenye kilima cha kifusi cha mgodi, udongo mwekundu ambao mvua za Machi huugeuza uji.

Pikipiki ilizama hadi kwenye injini. Mwenyewe alipoinua kichwa, Browning ya Nkulu ilikuwa inamsubiri.

Mkobani mwake mlikuwa na boksi la vilipuzi vilivyoibwa juzi kwenye ghala la shimo la Mashamba. Lilikuwa tupu. Nkulu aliuliza mara moja tu vilivyokuwamo viko wapi. Jamaa akaitazama bastola, akakitazama kifusi, akaona tajiri wake si mtu wa kumfia.

"Biko mu parapluie," alisema, yaani ndani ya mwamvuli. "Parapluie inapanda train ya leo na mutu wa Ferraz. Jina ni Gradi, sura sijue."

Nkulu alimfunga pingu kwenye usukani wa Yamaha. Kisha akachomoa redio ya Motorola, akamwita mkubwa wake kwa majina yao ya siri.

"Nyundo kwa Mulima."

"Mulima nasikia."

"Chef, bitu bya Mashamba biko mu parapluie. Inaenda na train. Anayebeba anaitwa Gradi, mutu wa Ferraz. Sura yake sijue."

Upande wa pili alikuwa chef Mukalay. Ferraz walikuwa wanamfahamu wote wawili. Alikuwa mgeni aliyejijengea ufalme Dilolo, mpakani na Angola, akivusha kobalti ya magendo kwa malori yake. Reli ya mashariki ikikatika kwenye daraja la Lualaba, mali yote ya Kolwezi ingelazimika kupita magharibi, juu ya malori hayo hayo. Na wafu wangekuwa Wakasai waliokuwa wanafukuzwa mjini, na baruti ingekutwa kwenye mizigo ya Wakasai. Nani angejisumbua kuuliza zaidi?

"Train usisimamishe," Mukalay alisema. "Vijana ba mapanga bamezunguka gare ya train. Ikibakia leo, batu batachinjwa. Na Gradi akiona basoda na bunduki, atalipua pale pale. Umutafute peke yako, polepole."

"Nimesikia."

"Nyundo. Bibi yako Ndaya si anaenda na train ile?"

"Ndiyo, chef."

Nkulu alizima redio na kuwasha gari.

Ulikuwa mwaka wa 1993, na Kolwezi, mji wa mgodi wa Katanga, ilikuwa imeanguka. Mgodi ulikuwa umekatika pumzi, karakana zimenyamaza, mishahara imegeuka hadithi. Wakubwa walitafuta wa kumbebesha mzigo huo wakampata karibu: Mkasai, ambaye babu yake aliletwa kuchimba shaba hiyo hiyo. Arudi kwao, wakasema. Wengi wa waliofukuzwa hawakuwa na kwao pengine zaidi ya Kolwezi. Nyumba zilichomwa, na watu walihamia kwenye sakafu ya stesheni kusubiri mabehewa.

Ndaya, mke wa Nkulu, angeweza kubaki. Mume wake alikuwa mwana wa Katanga, na mwana wa serikali, askari asiyevaa sare. Lakini mama yake, Mama Mianda, alikuwa amefukuzwa, na Ndaya alisema mama hatasafiri peke yake. Nkulu alimwambia abaki. Ndaya akamwambia basi twende wote. Hakuna aliyekubali la mwenzake, na mzigo ukafungwa.

Tangu siku hiyo Nkulu alikuwa hahisi kitu. Si hasira, si huzuni. Ilikuwa kama jino lililodungwa sindano. Unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini halisemi. Kazini ganzi hiyo ilimfaa sana. Mkono wake haukuwahi kutulia vile kwenye bastola.

Stesheni ilikuwa imejaa pomoni. Magodoro, masufuria, watoto, wagonjwa. Mabehewa yalikuwa yameshafunguliwa na watu walikuwa wanapanda juu ya watu. Na mvua ilianza kunyesha.

Miamvuli ikafunguka kote, myeusi na ya manjano, yote ya umbo moja.

Nkulu alitukana kimoyomoyo. Alikuja kutafuta mwamvuli mmoja, akakuta shamba la miamvuli.

Fundi wa shamba hilo hakuwa mgumu kumpata. Tshimanga, fundi mitambo aliyeachishwa kazi mgodini pamoja na Wakasai wenzake, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la vyuma karibu na tangi la maji, anapiga ribiti. Nkulu alimwonyesha kitambulisho chini ya koti. Uso wa Tshimanga ukapauka, maana alidhani Nkulu amekuja kumfuta kwenye orodha ya wasafiri. Nkulu akamwambia hapana, nafasi yako ipo. Niambie tu habari za miamvuli.

Basi fundi akaeleza, kwanza kwa woga, halafu kwa raha ya mtu anayeulizwa kuhusu kazi yake. Ilianza na bukwe, alisema. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja. Mkikutana njiani mwanamume anaacha njia. Lakini hapa stesheni utaiacha njia uende wapi? Wakwe walikuwa wamelala hatua moja kutoka kwa mama wakwe zao, wanakufa kwa aibu. Wengine walijikinga kwa miamvuli mirefu ya zamani, ikatoboa watu macho. Vizuizini vijana wa mapanga wakainyang'anya, wakisema ni mikuki.

"Njo nikawaza," Tshimanga alisema. "Inapashwa kuingia mu poche, mu mufuko ya koti. Inapashwa kufunguka na kidole moja, juu ule mama anaweza kutokea tu mbio mbio."

Alimwonyesha. Shina lilikuwa mabomba matatu ya shaba yaliyoingiana. Kila njiti ilikatwa mara tatu na kuunganishwa kwa ribiti, ikakunjika kama mguu wa panzi. Mwanzoni upepo uliipindua yote; ikabidi bawaba ya katikati aigeuze ikunjikie ndani, na kuanzia hapo upepo ukashindwa. Kitambaa kilitoka kwenye makoti ya mvua ya mgodini. Springi aliitoa kwenye viti vya gari bovu, akaiunga na kitufe cha dole gumba. Ukiukunja, ulikuwa mfupi kuliko mkono wa mtoto.

"Yote iko sawasawa?" Nkulu aliuliza.

Tshimanga aliweka ribiti chini.

"Moja hapana. Mutu moja aliomba shina munene, munene sana. Nikamwambia, tata, hii haitaingia mu poche, sasa kazi yake nini? Akasema anapenda vile." Aliinamisha kichwa. "Nilijua ni mubaya, chef. Lakini batoto bangu banapashwa kula."

Sura ya mteja huyo hakuikumbuka. Alikuja na kofia, jioni, akaondoka nao umefungwa kwa gazeti.

Nkulu akachukua mwamvuli mmoja mfupi, akauweka mfukoni, akaingia ndani ya umati. Alitazama mikono. Mvua ilikuwa kubwa na miamvuli yote wazi. Mashina yote yalikuwa yamezibwa na mabega na watoto. Kengele ya kwanza ikalia. Alipita behewa la kwanza, la pili, la tatu. Hakuona kitu.

Kisha mvua ikakatika ghafla, kama inavyofanya Kolwezi mwezi huo.

Wanawake wakakunja miamvuli. Wazee wakakunja. Wanaume waliooa hawakukunja. Waliilaza tu ubavuni, kila mmoja akijikinga na upande alipokaa mama wa mke wake, na mazungumzo yakaendelea. Nkulu aliwaelewa vizuri. Yeye ni Mluba wa kaskazini ya Katanga, na bukwe ni ile ile. Watu waliokuwa wanachomeana nyumba walilelewa kwa adabu moja. Hilo lilistahili kumuuma mtu, na yeye alilipitia tu.

Mlangoni mwa behewa la nne mwanamume mmoja alikuwa ameshakunja wake.

Alikuwa kijana mwenye kofia, amekaa juu ya mzigo, bega kwa bega na bibi mzee. Alichovya mkono kwenye sahani ya bibi huyo, akachota karanga, akala, akamtazama usoni na kutabasamu. Bibi alisogea. Kijana akasogea naye. Mwanamke kijana mbele yao, aliyejitanda hadi usoni, alikuwa ameinamisha macho kwa fedheha, na watu wa jirani waliwatazama kama unavyomtazama mtu aliyevua nguo sokoni. Askari wa reli alipouliza, kijana alijibu kwa sauti kwamba hawa ni mke wake na mama wa mke wake.

Kwapani mwake ulitokeza mwamvuli mnene kama mchi.

Mwongo huyo alikuwa Gradi. Alikulia bandarini Lobito, Angola, hakuwahi kuoa, na Ferraz hakumfundisha kuwa mkwe.

Nkulu alipiga hatua mbili, akasimama. Kitenge cha yule bibi kilikuwa cha kijani chenye maua. Aliyekinunua ni yeye. Miaka yote ya ndoa yake alimjua Mama Mianda kwa mgongo, kwa kitenge na kwa kikohozi. Na mke aliyeinamisha macho alikuwa Ndaya.

Aliona aibu. Ilipenya ile ganzi yote ikamfika. Wanawake wawili bila mwanamume walikuwa wamepita vizuizi vya mapanga, mgeni akajitolea kubeba mizigo na kuitwa mume, nao wakakubali. Nafasi aliyojipachika Gradi ilikuwa nafasi ya Nkulu, na Nkulu mwenyewe ndiye aliyeiacha wazi.

Akatoa mwamvuli. Dole gumba likabonyeza.

Pap.

Akaushika mbele ya uso kama mkwe mwenye heshima, akasogea upande-upande kama kaa kuelekea mlangoni. Watu walimpisha. Mzee mmoja alimsifu kwa sauti, akisema huyu sasa amelelewa. Nyuma ya kitambaa, Nkulu aliona viatu tu: ndala za Mama Mianda, raba za Adidas za kijana.

"Tata," Gradi alimcheka, "mvua ilishakwisha."

Behewa zima likageuka kumtazama Gradi.

Kwa sekunde hiyo naye alijua amekosea, ingawa hakujua wapi. Mkono wake ukashuka kwapani. Nkulu akaukunja mwamvuli, akaubonyeza tena usoni mwa kijana. Njiti zikampiga machoni. Mkono wa kushoto wa Nkulu ukashika kifundo cha mkono ule, ukakaza, ukakizungusha mpaka kikalia. Goti likaingia tumboni. Mwamvuli mnene ukadondoka, Nkulu akaudaka kabla haujagusa chuma.

Gradi alikaa chini, Browning ikiwa sikioni.

Na hapo Nkulu akajikuta uso wazi, ana kwa ana na mama mkwe wake.

Mama Mianda hakupiga kelele. Alivuta kitenge juu ya kichwa, akageuka, akampa mgongo, taratibu, ili mkwe wake asivunjiwe heshima mbele za watu.

Tshimanga aliitwa. Alilifungua shina kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyolifunga. Ndani mlikuwa na mzigo wa Mashamba na saa ya Casio ambayo bado haijategwa. Gradi alikuwa aitege njiani, aruke treni ikipunguza mwendo kabla ya daraja. Nkulu akakata nyaya, akaichukua Casio. Askari wawili wakamburuta Gradi kupitia mlango wa mizigo, na wengi stesheni pale hawakujua kitu. Nkulu alimwambia fundi apande na watoto wake, haraka.

Kengele ya pili.

"Ulikuya," Ndaya alisema.

"Nilikuwa ku kazi."

"Najua."

Mama Mianda alikohoa. Alizungumza na ukuta wa behewa, kwa sauti ya kusikika.

"Ndaya, ambia bwana yako aksanti. Umuambie na hii: kama anapanda na sie, mi nitamupa mugongo mpaka Mwene-Ditu, kule tunashuka. Sitachoka."

Ndaya hakurudia maneno. Alisogeza mzigo aliokuwa amekalia Gradi, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Akamtazama mume wake akangoja.

Nkulu aliitazama ile nafasi. Alijua neno la kusema: twende. Alijua pia kwamba leo Ndaya asingelikataa. Kama mguu wake ungenyanyuka, mambo yote yangekwisha hapo: kazi, redio, nyumba tupu. Alisubiri mguu unyanyuke. Ulibaki pale pale kwenye simenti, na yeye alikuwa anautazama kama mguu wa mtu mwingine.

"Njiani, ku Bukama, kuko baridi asubui," alisema. "Mufunike mama."

Ndaya aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. Treni ikavuta, ikasita, ikavuta tena, na mlango wa behewa la nne ukapita, na la tano, na la mwisho.

Alikaa kwenye Land Cruiser hadi mchana, mkono juu ya Motorola. Jua lilipokuwa utosini redio ikafunguka.

"Mulima kwa Nyundo. Train imevuka Lualaba muzima. Na Ferraz tumemukamata ku barrière ya mupaka, Dilolo, analia kama mutoto."

"Muzuri, chef."

"Kazi ya namba moja, Nyundo. Napashwa kuandika ku Kinshasa. Wafu?"

"Hapana."

"Hasara?"

Nkulu alishuka garini. Stesheni ilikuwa tupu. Wafagiaji walikuwa wanakusanya masufuria yaliyosahauliwa, na reli zilikuwa zimeshakauka kwa jua. Akafunga kifungo cha koti.

"Hakuna, chef," alisema, na kuanza kutembea kurudi kwenye nyumba tupu.